Kocha Mwenye Kiti cha Profesa

Mwaka 1978 Henry Rono, Mkenya aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Miaka miwili baadaye Mtanzania Suleiman Nyambui, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Tumezoea kuzisimulia habari hizi kama habari za miguu na mapafu. Swali la pili huwa halituji haraka: chuo kikuu, mahali pa vitabu na mitihani, kilikuwa na kazi gani na mkimbiaji? Kwa nini kiwe na kocha wa mshahara, bajeti ya safari, uwanja wenye majukwaa na ofisi nzima ya kushughulikia michezo? Kwetu timu ya chuo ni jambo la wanafunzi wenyewe, na wakifika kwenye mashindano wakiwa na jezi zinazofanana tayari wanashukuru. Marekani michezo ni idara. Ina mkurugenzi, ina hesabu zake, ina nguvu ya kumfanya mkuu wa chuo apime maneno kabla ya kusema. Idara ya namna hiyo haikuota yenyewe, na katika historia yake kuna mtu mmoja ambaye kazi yake inaeleza jinsi ilivyopata mizizi.

Mtu huyo ni Amos Alonzo Stagg, kocha wa Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1892 hadi 1932. Mashabiki wa futiboli ya Marekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi zaidi ya unavyopigwa kwa mguu, humkumbuka kama bingwa wa ubunifu. Husemwa kwamba yeye ndiye aliyeanza kuwafundisha wachezaji kukaba kwa kutumia gunia lililoning'inizwa, ndiye aliyewakusanya kwa duara wanong'onezane mpango kabla ya mpira kuanzishwa, ndiye aliyefanya hiki na kile. Orodha hiyo ina chumvi yake. Katika zama zile makocha wengi waliwaza mambo yaleyale kwa wakati mmoja, na mtu aliyeishi miaka 102 ana faida ya kuwazika wote ambao wangeweza kumbishia. Hoja ya makala haya ni kwamba kitu kikubwa alichokiacha Stagg hakikuwa mbinu ya uwanjani. Kilikuwa cheo. Yeye ndiye kocha wa kwanza kupewa kiti cha profesa chenye ajira ya kudumu, na mpango huo, uliokusudiwa kuuweka mchezo chini ya elimu, uliishia kuupa mchezo ngome ndani ya nyumba ya elimu.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, New Jersey, mtoto wa fundi viatu katika nyumba isiyo na ziada. Alipofika Yale alikuwa tayari mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, akisomea kuwa mchungaji, na akapata jina kama mrushaji hodari wa besiboli. Timu za kulipwa zilimtaka, akazikataa. Mwaka 1889 alitajwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha nyota wa futiboli wa vyuo vya Marekani nzima. Uchungaji aliuacha kwa sababu moja ya kusikitisha na ya kuchekesha kidogo: alijiona hawezi kuhubiri. Badala ya mimbari akaenda chuo cha mafunzo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, kwenye kundi la Waprotestanti walioamini kwamba mwili uliofunzwa vizuri hujenga tabia njema. Huko alikuwa pamoja na James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu Desemba 1891. Machi 1892 walimu na wanafunzi walipocheza hadharani kwa mara ya kwanza, wanafunzi walishinda 5 kwa 1, na hicho kikapu kimoja cha walimu kilikuwa cha Stagg. Haya yote yana maana kwa yaliyofuata. Stagg hakuwa mpiga debe aliyejificha nyuma ya dini. Aliamini kwa dhati kwamba ukocha ni uchungaji kwa njia nyingine.

Aliyeiona thamani ya imani hiyo ni William Rainey Harper, mtaalamu wa Kiebrania aliyewahi kumfundisha Stagg Yale. Harper alikabidhiwa kazi ambayo si kila msomi hupata: kuanzisha chuo kikuu tangu msingi, kwa fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller. Alikwenda sokoni kama mnunuzi mwenye haraka. Aliwachukua maprofesa wa vyuo vingine kwa mishahara minono, na Chuo Kikuu cha Clark kilipoteza sehemu kubwa ya walimu wake kwa mkupuo mmoja. Lakini chuo kipya hakina wahitimu wa kukisifia, hakina mila, na jina lake halitajwi mezani wakati wa chakula. Magazeti ya miji mikubwa, kwa upande mwingine, yalikuwa yakijaza kurasa kwa habari za mechi za Yale na Princeton. Harper akamwita Stagg hata kabla chuo hakijafungua milango, akampa mshahara wa dola 2,500 kwa mwaka, cheo cha profesa mshiriki, ajira ya maisha, na uongozi wa idara ya mazoezi ya viungo na michezo. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1892, na msimu huohuo timu ikaingia uwanjani ikiwa pungufu ya watu kiasi kwamba kocha mwenyewe alivaa jezi na kucheza.

Ili kuuona upya wa mpango huo, tazama ulivyokuwa upande wa mashariki. Michezo ya vyuo vikongwe ilikuwa mali ya wanafunzi na wahitimu. Nahodha ndiye aliyepanga timu. Wahitimu walirudi kufundisha kwa kujitolea. Kama kuna kocha wa kulipwa, alikuja kwa msimu na kuondoka na begi lake. Walter Camp, mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote katika kuunda sheria za futiboli, aliiongoza michezo ya Yale kwa miaka mingi huku mchana akiwa kazini kwenye kampuni ya kutengeneza saa. Walimu wa Yale waliweza kuichukia futiboli kwa raha zao, maana haikuwa sehemu ya nyumba yao. Chicago ikageuza mambo. Mtu anayefundisha kukaba na kukimbia akapata cheo katika daraja lilelile la anayefundisha Kigiriki, na tofauti na yule wa Kigiriki, alikuwa na mlango wa moja kwa moja kwa mkuu wa chuo na mkono juu ya mapato ya getini.

Hapa ndipo penye utajiri wa kisa chenyewe. Profesa wa kawaida akitaka darubini huomba, husubiri, hubishana na wenzake kwenye kikao. Stagg alikuwa na chanzo chake mwenyewe cha fedha, nacho kilikua kila aliposhinda. Desemba 1894, chuo kikiwa na umri wa miaka miwili tu, aliipeleka timu kwa treni hadi California kucheza na Stanford, safari iliyoliweka jina la Chicago kwenye magazeti ya pwani mbili za nchi. Chuo chake kilikuwa miongoni mwa vile saba vilivyounda muungano wa michezo wa vyuo vya magharibi, ambao leo unaitwa Big Ten. Alifundisha futiboli, besiboli na riadha, akawapeleka wanariadha wake Olimpiki ya Paris mwaka 1900, na 1910 timu ya besiboli ya chuo ikavuka bahari hadi Japani kwa mwaliko wa Chuo Kikuu cha Waseda. Tangu 1902 aliandaa mashindano ya riadha ya shule za sekondari ndani ya chuo, na kuanzia 1917 akaongeza mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu kwa shule hizo. Ukitaka kuyaita hayo huduma kwa vijana, hujakosea. Ila kijana wa sekondari mwenye mbio kali aliyelala chuoni siku kadhaa, akaona majengo na kupeana mkono na kocha, alirudi kwao akiwa tayari ameshikwa nusu. Leo kazi hiyo ina wataalamu wake wa kulipwa. Stagg aliifanya kwa jina la elimu, na kwa kiasi fulani ilikuwa elimu kweli.

Kilele kilifika tarehe 30 Novemba 1905. Michigan ya kocha Fielding Yost ilikuja Chicago ikiwa haijapoteza mechi 56, na msimu ule ilikuwa imekusanya pointi 495 bila mpinzani yeyote kupata hata moja. Mbele ya watazamaji zaidi ya 25,000, Chicago ilishinda 2 kwa 0, ushindi mwembamba sana. Lakini msimu huohuo mambo mengine mawili yalikuwa yakichemka. Magazeti yalihesabu vifo vipatavyo 18 vya vijana waliocheza futiboli nchini, na Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuwaambia wasafishe mchezo wao. Wakati huohuo jarida la Collier's lilichapa mfululizo wa makala za Edward Jordan kuhusu vyuo vya magharibi vinavyonunua ushindi, na Chicago ikawa miongoni mwa walioanikwa. Kisa cha Walter Eckersall, nyota wa Stagg, kilieleza mengi: kijana aliyeingia chuoni na mapengo katika masomo yake ya sekondari, akacheza hadi akawa kipenzi cha jiji, kisha akaondoka bila shahada. Kama kiti cha profesa kilikuwepo ili mchezaji awe mwanafunzi kwanza, Eckersall ndiye mtihani wake, na kiti hicho kilifeli mtihani.

Kilichofuata ni cha kustaajabisha zaidi. Januari 1906, mkuu wa chuo cha Michigan, James Angell, aliwaita wenzake wa magharibi kupanga marekebisho. Walipunguza mechi za msimu hadi tano, wakamzuia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza, wakaweka kikomo cha miaka mitatu ya kushiriki, wakaamua kwamba kocha ateuliwe kama mwalimu mwingine yeyote wa chuo, kwa mshahara wa kiasi. Soma tena kipengele hicho cha mwisho. Dawa ya ugonjwa ilikuwa ni kuwafanya makocha wote wafanane na Stagg, na hali Chicago ilikuwa imelala kitanda kimoja na wagonjwa wengine. Yost, ambaye hakuwa mwalimu wa kudumu, ndiye aliyebanwa. Michigan ikajitoa kwenye muungano na haikurudi hadi 1917. Stagg hakubadilisha chochote katika mkataba wake, akachukua ubingwa 1907, 1908 na 1913. Mwaka huohuo wa 1906 vyuo viliunda chama cha taifa ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA, na sheria mpya zikaruhusu pasi ya mbele, iliyoutawanya msongamano uliokuwa ukivunja shingo za watu. Mchezo uliokolewa, na wazo la kocha aliye mwajiriwa rasmi wa chuo likawa kanuni badala ya upekee wa Chicago.

Mtu anaweza kunikatiza hapa na kusema kwamba biashara ilikuwa imeingia vyuoni zamani, kabla Stagg hajazaliwa. Ana ushahidi mzuri. Mashindano ya kwanza ya michezo kati ya vyuo viwili vya Marekani, mbio za makasia za Harvard na Yale mwaka 1852, yaligharimiwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria wa likizo. Na Yale ya Camp, ile isiyo na kocha profesa, iligundulika kuwa na akiba ya dola zipatazo 100,000 zilizotokana na michezo. Nakubali yote. Fedha haikumsubiri Stagg. Tofauti ni mahali fedha ilipolala. Akiba ya Yale, kwa ukubwa wake wote, ilipofichuliwa ilionekana kashfa kwa sababu ilikuwa nje ya utaratibu wa chuo. Mapato ya Chicago yalikuwa kwenye daftari la idara halali, chini ya profesa halali, na kwa hiyo hakukuwa na cha kufichua. Kashfa inaweza kukomeshwa. Idara huombewa bajeti ya mwaka ujao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaomheshimu Stagg hulitoa kwa haki: mtu huyu hakuwa na bei. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, na tusi lake kubwa kwa mchezaji mzembe lilikuwa kumwita punda. Mwaka 1923 aliandika barua ya wazi kuwaonya marafiki wa michezo ya vyuo dhidi ya futiboli ya kulipwa ya siku za Jumapili. Mkewe Stella alikaa jukwaani akichora na kuandika mienendo ya mechi kama msaidizi asiye na cheo. Inawezekanaje mlezi wa namna hiyo wa michezo ya ridhaa ahesabiwe kuwa mjenzi wa mashine ya fedha? Jibu ni kwamba ndiyo maana mashine ilijengeka. Angekuwa mlanguzi, wazee wa chuo wangemweka mlangoni na kumlinda kwa macho mawili. Kwa kuwa alikuwa mwadilifu, walimwachia funguo. Uadilifu wake ulikuwa halisi, lakini ulikuwa wa mtu, haukuwa wa ofisi. Ofisi ikarithiwa na wengine ambao hawakuapa kiapo chake. Hata yeye mwenyewe, miaka ya 1920 vyuo jirani vilipojenga viwanja vikubwa, naye aliomba majukwaa zaidi. Hakuhitaji senti moja kwa ajili yake. Idara ndiyo iliyohitaji.

Lipo na la tatu, kwamba sifa au lawama ni ya Harper, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa cheo. Hili ni kweli kwa mwaka 1892. Lakini Harper alifariki Januari 1906, majuma machache baada ya ile mechi ya Michigan, na Stagg akaendelea kwa miaka 26 chini ya wakuu wengine. Muda wote huo alikaa kwenye kamati ya taifa ya sheria za futiboli. Anayeanzisha cheo anastahili kutajwa. Anayekikalia hadi watu wasahau kwamba kuna wakati hakikuwepo, huyo ndiye anayekifanya kuwa desturi.

Na desturi hiyo ilikuwa na makali ya pande mbili. Mwaka 1929 Robert Maynard Hutchins, mwenye umri wa miaka 30, alikuja kuiongoza Chicago, akiwa haoni futiboli ina uhusiano gani na chuo kikuu. Hakuhitaji kumfukuza kocha. Kanuni ya chuo iliwataka maprofesa wastaafu wakifika 70, na Stagg alikuwa profesa. Cheo kilichomkinga miongo minne dhidi ya mashabiki wenye hasira baada ya kufungwa ndicho kilichomtoa. Kocha wa mkataba wa kawaida angeweza kuongezewa msimu mmoja mmoja. Alikataa kazi ya heshima isiyo ya ukocha aliyopewa, akahamia College of the Pacific mjini Stockton, California, chuo kidogo chenye fedha kidogo. Hapo alifundisha miaka 14, akifungwa mara nyingi zaidi ya kushinda. Ila mwaka 1943, akiwa na miaka 81 na akisaidiwa na vijana wa jeshi la maji waliopelekwa kusoma pale wakati wa vita, makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka. Kabla ya hapo, Novemba 1938, alirudi Chicago na vijana wake wa Stockton, kwenye uwanja wenye jina lake mwenyewe, akawafunga wenyeji 32 kwa 0.

Mwaka uliofuata Chicago ilifungwa na Michigan 85 kwa 0, na Desemba 1939 Hutchins akaifuta futiboli moja kwa moja. Uwanja ulibaki mtupu kiasi kwamba mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walipotafuta nafasi ya siri ya majaribio, walipewa ukumbi chini ya jukwaa la magharibi. Humo ndimo, tarehe 2 Desemba 1942, wanadamu walipoanzisha mfululizo wa kwanza unaojiendeleza wenyewe wa kuvunja viini vya atomu. Majukwaa yalibomolewa 1957, na leo pale pana maktaba kuu ya chuo. Stagg aliendelea kuwafundisha vijana kupiga mpira hata alipopita miaka 90, akafariki Stockton tarehe 17 Machi 1965. Chicago ilirudisha futiboli 1969, ikicheza na vyuo vidogo.

Jina lake sasa limeandikwa mahali pengi, pakiwemo hapa pawili. Tangu 1973 fainali ya ubingwa wa daraja la tatu la NCAA, daraja ambalo vyuo vyake haviruhusiwi kumlipia mwanafunzi masomo kwa sababu ya michezo, inaitwa Amos Alonzo Stagg Bowl. Na 2011, muungano wa Big Ten ulipoanzisha mechi ya fainali ya ubingwa wake, yenye haki za televisheni na viwanja vya makumi ya maelfu ya watu, kombe la mshindi nalo lilipewa jina la Stagg.